Simba Ndani ya Kiduara

Nimechoka na viduara. Fungua imeili yako sasa hivi utazame: kushoto mwa kila barua kuna kiduara kidogo, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Duka la viatu la huko Ulaya, ambalo sijawahi kununua kwake hata kamba, linaniletea barua kila wiki, na kiduara chake kina nembo safi inayong'aa. Ukiifungua barua yenyewe, pembeni ya jina unakuta na tiki ya bluu. Benki yangu, inayokaa na mshahara wangu, mkopo wangu na yale makato ambayo hakuna dirisha linaloweza kunieleza ni ya nini, kiduara chake kina herufi moja tu, nyeupe juu ya kijivu. Anayenibembeleza ninunue raba anakuja uso wazi. Anayenidai anakuja kajifunika shuka.

Nikamuuliza mpwa wangu. Kila ukoo una mtu wake wa kompyuta, ambaye hupigiwa simu printa ikikwama, chaneli zikipotea na shangazi akisahau nywila ya Facebook. Huyu wetu ameajiriwa na kampuni ya utalii hapa Arusha, na siku hiyo alikuwa amekuja kula, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

"Mjomba, hiyo inaitwa BIMI," akasema, huku akiwinda nyama kwenye ndizi.

Nilidhani ananitajia mchumba. Kumbe ni utaratibu wa kuonyesha nembo ya kampuni kwenye barua pepe zake, kwa sharti kwamba kwanza ithibitike barua imetoka kwake kweli. Umebuniwa na kundi la makampuni ya imeili, Google na Yahoo wakiwamo. Gmail ilianza kuwaonyesha watu wote nembo hizo mwaka 2021, iPhone zikafuata mwaka uliofuata kwa iOS 16, na tiki ya bluu ikaingia Gmail mwezi Mei 2023. Nikauliza uthibitisho wa nini, si jina la mtumaji limeandikwa pale juu? Mpwa akaweka kijiko chini. Mtu wa kompyuta akiweka kijiko chini, jua chakula kitapoa.

Kumbe lile jina la pale juu, lenyewe kama lenyewe, halina dhamana yoyote. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka 1982 na Mmarekani mmoja aitwaye Jon Postel, enzi ambazo waliokuwa kwenye mtandao ni wachache na wengi wakifahamiana. Hakuna aliyewaza kumdai mtu kitambulisho. Ukiandika kwamba barua imetoka Ikulu, basi imetoka Ikulu. Mambo yakaachwa hivyo mpaka matapeli wakajaa, ndipo viraka vikaanza kushonwa kimoja baada ya kingine, na kila kiraka kikapewa jina la herufi tupu ili sisi wengine tusiulize maswali.

Cha kwanza ni SPF: kampuni inatangaza, kwenye rekodi za domeini yake, seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Cha pili ni DKIM: barua inatiwa saini ya kihesabu, na mpokeaji anaikagua kwa ufunguo uliowekwa wazi kwenye rekodi zile zile. Mtu akichezea namba ya akaunti njiani, saini inagoma. Cha tatu, kilichotangazwa mwaka 2012, ni DMARC, na huyu ndiye mkali wao. Anaangalia kama jina analoliona msomaji linaafikiana na hao wawili, walau mmoja, kisha anamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyoafikiana: aipitishe tu huku akiandika ripoti, aitupe kwenye spamu, au aikatae mlangoni. BIMI imekaa juu ya hao watatu. Kampuni ambayo DMARC yake inatazama tu na kuandika ripoti haipewi picha. Lazima iwe imeagiza barua za kughushi zitupwe au zikataliwe.

Kwa mtu aliyewahi kufuata barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hakuna jipya hapo. Unakwenda na picha ya pasipoti, mwenye duka la steshenari kakudai bei ya picha nne japo unahitaji moja. Mtendaji anaibandika kwa gundi kwenye kona ya barua, anapuliza kidau cha wino, halafu anagonga mhuri wa zambarau nusu kwenye karatasi, nusu kwenye uso wako. Wageni huchukia sana pale: mhuri umewaziba jicho. Lakini kazi yake ni hiyo hiyo. Picha ikibanduliwa ikabandikwa ya mwingine, mhuri hautakutana. Na mwenyekiti hasemi kwamba wewe ni mtu mwema, wala kwamba unalipa madeni. Anasema tu kwamba huyu mwenye sura hii anatoka mtaa wangu. BIMI nayo ni picha na mhuri, ila wino wake unauzwa kwa dola.

Sasa mkasa wenyewe, uliomfanya mpwa wangu akonde. Mgeni mmoja wa ile kampuni, aliyekuwa amelipia nusu ya safari ya Serengeti, alipokea barua yenye jina la kampuni, anuani ya kampuni, saini ya chini ya kampuni mpaka na ile sentensi ya kuomba usichapishe barua hii ili kuokoa miti. Barua ikamwambia akaunti imebadilika, nusu iliyobaki aitume huku. Huku kwenyewe kulikuwa bara jingine kabisa. Bahati nzuri mgeni yule ni mtu wa kuuliza, akapiga simu. Bosi akalala macho usiku kucha. Asubuhi akaamka na wazo, nalo halikuwa SPF wala DKIM. Alikuwa ameona barua ya washindani wake ina tiki.

"Kijana, nataka ile tiki ya bluu. Ijumaa iwe imekaa."

Ilikuwa Jumanne.

Mpwa akamweleza kwa adabu zote kwamba nembo inakuja mwisho, kwamba waanze na DMARC ile ya kutazama tu, wakae wiki kadhaa wasome ripoti. Bosi akashangaa. "Nimeajiri mtu wa kutazama? Watu wa kutazama ninao hapo getini." Hata hivyo akakubali, kwa sababu mpwa alimwambia ripoti zitatoka Google na Yahoo, na jina kubwa humlainisha bosi yeyote.

Ripoti zikaanza kuingia. Zinakuja kila siku, zimeandikwa kwa lugha ya mashine, mabano matupu na namba za seva, na ukizisoma unajua ni nani wote wanatuma barua kwa jina lako. Jamani, ofisi ile ilikuwa na ndugu wengi kuliko ilivyodhani. Programu ya mhasibu inayotuma ankara ilikuwa inatuma kwa jina la kampuni bila ruhusa ya SPF. Huduma ya kutuma matangazo ya sikukuu kwa wageni wa zamani, hivyo hivyo. Mashine ya fotokopi ya ghorofa ya pili, ile inayoskani na kutuma, nayo inatuma. Fundi aliyetengeneza tovuti miaka hiyo, akagombana na bosi juu ya malipo na akaondoka, fomu yake ya kuomba bei bado inatuma. Na humo humo katikati, seva za nchi ambazo kampuni haina mgeni wala mjomba.

Hapo ndipo kazi ilipo, na ni kazi ya kuchosha: kumfuata kila halali mmoja mmoja, kumwandikisha na kumpa saini yake, mpaka wabaki haramu peke yao. Bosi hakungoja. Alipoambiwa kwamba kuna amri ya kukataa mlangoni, macho yakamtoka. "Kumbe ipo na tunaacha? Kataa wote!" Mpwa akatii, maana ajira ni ajira. Barua za kughushi zikakataliwa, kweli. Na ankara za mhasibu nazo zikakataliwa. Siku mbili nzima hakuna mgeni aliyelipa, na bosi akipita kwenye korido anauliza kwa nini utalii umeshuka ghafla, au ni habari za uchaguzi.

Wakarudi nyuma, wakapanga upya, ikakaa. Ndipo wakafika kwenye nembo, na hapa ndipo mimi nilicheka mpaka nikaombewa radhi kwa majirani.

Nembo ya kampuni ile inajulikana mji mzima, imechorwa ubavuni mwa kila gari lao. Kuna simba amekaa. Nyuma ya simba kuna Mlima Kilimanjaro wenye theluji. Kuna jua linazama, kuna mgunga, kuna twiga anachungulia nyuma ya mgunga, kuna jina la kampuni limepinda juu kama upinde, na chini yake namba tatu za simu, moja ya WhatsApp. Kwenye ubavu wa Land Cruiser inapendeza, sikatai. BIMI inaitaka iwe ya mraba, ikae katikati, ili kiduara kisiikate kona. Na isiwe picha ya kawaida: iwe faili la SVG, tena aina yake ya kipekee iliyopunguzwa kila kitu, bila picha ya kupigwa iliyopachikwa ndani, bila mchezo wa kusogea, bila msimbo wa kujiendesha, bila kiungo cha kwenda kuchota kitu nje. Faili lenyewe linashauriwa lisizidi kilobaiti 32.

Aliyeichora nembo ni kijana wa kutengeneza kadi za harusi. Akaulizwa kama ana faili la asili. Akaleta flashi ina JPG. Akaambiwa si hiyo, akaenda akairudisha imepewa jina jipya lenye SVG mwishoni, na ndani yake JPG ile ile imejikunyata. Ikakataliwa. Ikabidi ichorwe upya mstari kwa mstari, na ilipopunguzwa mpaka ukubwa wa kile kiduara, simba akawa doa la kahawia na mlima ukawa jino. Twiga hakuonekana kabisa. Bosi akaigeuza simu huku na huku, akavaa miwani, akavua miwani. "Twiga yuko wapi? Twiga ndiye mke wangu alimpenda." Kikao cha kumwondoa twiga kilikwenda mpaka saa mbili usiku. Namba za simu nazo zilitetewa kwa hoja.

Baada ya mchoro, cheti. Google na Apple hawakubali uweke nembo yoyote uitakayo, la sivyo tapeli naye angeweka ya kwako. Wanataka cheti cha mtoa vyeti anayetambulika, anayekagua kama kampuni ipo kweli, kama nembo ni yake, na mwakilishi wake ni nani, kitambulisho mkononi. Cheti kikubwa, kile kinacholeta tiki ya bluu, kinataka nembo iwe alama ya biashara iliyosajiliwa, kwenye ofisi ya usajili inayotambuliwa na mpango wenyewe. Bosi akaingia kabatini akatoka na karatasi ya BRELA iliyowekwa kwenye fremu. Ilikuwa ya jina la biashara. Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kitu kingine, na ya pili hakuwahi kuiomba. Tena ukisajili alama bara, umesajili bara; Zanzibar wana ofisi yao, na kampuni ile inauza na fukwe za Nungwi. Na orodha ya kwanza ya ofisi zilizokubaliwa ilikuwa ya Marekani, Ulaya, Japani na wenzao wa aina hiyo. Bosi akauliza Tanzania ni ya ngapi kwenye orodha. Mpwa akanywa maji.

Kwa wasio na alama iliyosajiliwa, Gmail ilifungua mlango wa uani mwezi Septemba 2024: cheti cha daraja la pili, ambacho unatakiwa uonyeshe tu kwamba nembo umekuwa ukiitumia hadharani kwa miezi 12 au zaidi. Picha utapata, tiki hupati. Lakini kumbuka nembo ya zamani ilikuwa na twiga. Hii isiyo na twiga ina wiki.

Na bei. Cheti kikubwa ni dola elfu moja na ushei, nacho si cha kununua ukasahau, ni kila mwaka. Hicho kidogo ni nafuu kidogo. Bosi alipoigeuza hesabu hiyo kuwa shilingi akanyamaza kwa muda, halafu akauliza swali la maana kuliko yote: hiyo nembo, yeye ataionaje? Maana bosi, kama mabosi wengi, anasoma barua zake kwenye Outlook. Na Microsoft haijajiunga na BIMI. Angelipa dola elfu na ushei kila mwaka ili apigiwe simu na wenye Gmail kumwambia kiduara chake kinapendeza. Yahoo, hao wako radhi kuonyesha nembo hata bila cheti, kwa mtumaji wa barua nyingi mwenye sifa nzuri. Kwa hiyo wa kwanza kumwona simba wa Arusha watakuwa wale wazee wenzangu waliofungua anuani za Yahoo kwenye intaneti kafe na hawajahama mpaka leo.

Nimecheka, lakini sipingi mpango wenyewe. Kinachoniudhi ni mpangilio wa mambo kichwani mwa mabosi. SPF ni bure. DKIM ni bure. DMARC ni bure. Gharama yake ni mtu wa kukaa akasoma ripoti na bosi wa kumwacha asome. Hizo za bure ndizo zinazomzuia tapeli asitume barua kwa jina lako. Picha haimzuii mtu. Waliobuni BIMI wanawajua mabosi vizuri: walisema wazi kwamba nembo ni kivutio cha kuzifanya kampuni ziweke DMARC. Yaani dunia nzima imeshindwa kumshawishi mkurugenzi afunge mlango, mpaka aahidiwe kwamba akiufunga atabandikwa picha yake juu yake. Google na Yahoo wenyewe mwishowe walichoka kubembeleza. Tangu Februari 2024, anayetuma barua 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vyote vitatu, hata kama DMARC yake ni ya kutazama tu.

Na hiyo tiki nayo msiisujudie. Mei 2023 ilizinduliwa. Kabla mwezi haujapita vizuri, mhandisi mmoja wa usalama huko Marekani akapokea barua ya kitapeli iliyojifanya imetoka UPS, kampuni ya vifurushi, ina nembo ya UPS na tiki ya bluu juu yake. Barua ilikuwa imepitia kwenye upenyo wa SPF. Aliporipoti, jibu la kwanza la Google lilikuwa kwamba mambo yako kama yalivyokusudiwa. Alipolipeleka hadharani wakalifungua tena shauri, wakaamua mwenye kutaka tiki lazima barua yake ipite DKIM, SPF peke yake haitoshi. Kiraka juu ya kiraka.

Tena kuna hili ambalo hata mpwa alilisema kwa sauti ya chini. Mtu yeyote mwenye Gmail ya bure anaweza kuweka picha yoyote kwenye akaunti yake, na picha hiyo ikatokea kwenye kiduara kile kile. Tapeli wa Sinza anaweza kubandika nembo ya benki leo kabla ya chai ya saa nne, bila senti. Kiduara cha dola elfu na kiduara cha bure, mimi na macho haya ya miwani nitavitofautishaje? Kwa tiki, akasema. Na tiki ukitaka kuiona lazima uifungue barua. Na tuliambiwa tusifungue barua tusizozijua.

Kabla hajaondoka nikamwomba aitazame benki yangu. Rekodi hizi hazina siri, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Akagusa gusa simu, akakohoa. DMARC wanayo. Imewekwa ile ya kutazama tu. Kwa hiyo ile herufi juu ya kijivu haikuwa ubahili wa picha. Mtu akiniandikia kesho kwa jina lao kwamba akaunti yangu imefungwa, hawajamwagiza yeyote amkatae mlangoni. Niliwaandikia kuwauliza. Nikajibiwa kwa mashine kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Ukiwa bosi unayesoma hapa, mwite kijana wako leo umuulize DMARC yenu iko hatua gani, kisha umwache amalize kabla hujamwambia habari za tiki. Ukiwa na ofisi yenye domeini yake na bado kibao chako cha nje kina anuani ya Gmail, hama, kwa sababu hakuna DMARC unayoweza kuiweka kwenye jina la Google. Na wewe mwenzangu wa kawaida, barua ikikuambia akaunti ya kulipia imebadilika, iwe na simba, iwe na tiki, usilipe kwanza. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo ndani ya barua hiyo. Na zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii", ambazo hazijawahi kuhitaji nembo wala tiki kumpata mtu, zina pa kupelekwa: ni 15040, ya TCRA.